Luteni Kanali Hugh Stoneham

Hugh Stoneham (alifariki 1966) alikuwa luteni kanali wa jeshi la Uingereza aliyelowea Kitale. Huko alikusanya wadudu, wanyama na vitabu bila kuchoka, na mwaka 1926 akaanzisha makumbusho yake binafsi.

Jambo lake kubwa, kuliko cheo chake, ni wasia. Aliliachia taifa la Kenya mkusanyo huo pamoja na fedha za kujenga jumba jipya. Likajengwa katika ekari 5 kando ya barabara ya Eldoret, likafunguliwa Desemba 1974 kama Makumbusho ya Taifa ya Kenya Magharibi. Leo ni Makumbusho ya Kitale.

Mwanafunzi kutoka Bungoma huona humo vipepeo wa Stoneham, na uani nyumba za asili za Waluhya.