Glakoma Haiishii Jichoni: Nafasi ya Mishipa ya Damu katika Tiba ya Vijijini Maniema

Glakoma imezoeleka kuelezwa kuwa ugonjwa wa presha ya jicho: maji ya ndani ya jicho hushindwa kutoka vizuri, presha hupanda, neva ya jicho huharibika, na uoni hupotea kuanzia pembeni. Maelezo hayo ni sahihi, ila hayatoshi. Wapo wagonjwa ambao presha ya jicho haizidi milimita 21 za zebaki, yaani iko ndani ya kiwango cha kawaida, na bado wanapofuka. Makala haya yanadai kwamba sehemu ya jibu imo katika mishipa ya damu. Hoja hiyo ina uzito zaidi katika eneo kama Salamabila, wilayani Kabambare, mkoani Maniema nchini Kongo, ambako ni rahisi zaidi kituo cha afya kuwa na kipimo cha presha ya damu kuliko cha presha ya jicho.

Ili damu iifikie neva ya jicho, msukumo wake hauna budi kuishinda presha ya jicho lenyewe. Tuchukue mtu mwenye presha ya damu 130/80 na presha ya jicho 20. Namba ya chini, 80, ukitoa 20, inabaki 60. Usiku presha ya damu hushuka, na ya jicho mara nyingi hupanda mtu alalapo chali. Ikiwa namba ya chini imefika 55 na ya jicho 24, msukumo uliobaki ni 31 tu. Mishipa yenye afya hutanuka ikafidia upungufu huo. Iliyokakamaa kwa uzee, kisukari au presha ya damu ya juu ya miaka mingi hushindwa.

Ushahidi upo. Katika utafiti wa Baltimore, Marekani, uliochapishwa mwaka 1995, kundi lenye msukumo mdogo kabisa lilikuwa na glakoma takriban mara 6 zaidi. Huko Barbados, ambako wakazi wengi wana asili ya Afrika, watu walifuatiliwa kwa miaka 9, na msukumo mdogo wa damu ukaonekana kuongeza hatari ya kuupata ugonjwa. Dalili nyingine huonekana kwa macho ya daktari: michirizi myembamba ya damu kwenye ukingo wa neva, ambayo hutoweka baada ya wiki au miezi. Mgonjwa haihisi, lakini mara nyingi hutangulia kuzidi kwa ugonjwa.

Mpinzani atasema kwamba presha ya jicho tayari imo ndani ya hesabu ya msukumo, hivyo uhusiano huo kwa kiasi fulani unajithibitisha wenyewe. Ni kweli. Ni kweli pia kwamba tiba iliyothibitishwa ni kushusha presha ya jicho, si kupandisha ya damu. Lakini pingamizi hilo linaweka mipaka ya hoja bila kuifuta: mishipa haichukui nafasi ya tiba ya jicho, bali inaonyesha nani achungwe zaidi.

Tatizo lenyewe si dogo. Uchunguzi wa Kongwa, Tanzania, uliochapishwa mwaka 2000, ulikuta glakoma kwa takriban watu 4 katika kila 100 wenye miaka 40 na zaidi. Nayo Maniema ya kusini ina urithi wa kujengea: miaka ya 1970, mradi wa Kasongo ulionyesha kwamba kituo cha afya cha kijijini, kikiungana na hospitali ya rufaa, kinaweza kubeba huduma nyingi kwa pamoja.

Kwa hiyo, muuguzi anayempima mtu mzima presha ya damu amuulize kama katika ukoo wao kuna aliyepofuka, kisha amtume hospitali anayeshukiwa kuwa na ugonjwa. Anayempa dawa ya presha ya damu mgonjwa wa glakoma aepuke kuishusha kupita kiasi, hasa kwa dozi za usiku. Akumbuke pia kwamba matone ya timolol, dawa ya kushusha presha ya jicho, huingia katika damu na yanaweza kupunguza mapigo ya moyo. Mgonjwa naye asiache dawa yoyote kwa uamuzi wake. Uoni uliopotea kwa glakoma haurudi. Kinachowezekana ni kulinda uliobaki.