Mstari wa Kijani
Mapatano ya kusitisha vita kati ya Israeli na majirani zake yalitiwa saini mwaka 1949: Misri Februari, Lebanon Machi, Jordan Aprili na Syria Julai. Msuluhishi alikuwa Ralph Bunche wa Umoja wa Mataifa, aliyeshika nafasi ya Folke Bernadotte, aliyeuawa Jerusalem Septemba 1948. Wapalestina hawakuwa na kiti mezani, na hiyo haikuwa kasoro ndogo.

Jerusalem ilikuwa imekwisha kugawanywa Novemba 1948, Moshe Dayan wa Israeli na Abdullah al-Tal wa Jordan walipochora ramani kwa penseli za nta, mmoja kijani, mwingine nyekundu. Unene wa alama zile ulikuwa sawa na makumi ya mita ardhini, hata zikawapo nyumba zisizojulikana ziko upande gani. Kijiji cha Beit Safafa kilikatwa katikati. Jamaa walisherehekea harusi huku uzio ukiwatenga.

Mistari iliyowekwa na mapatano hayo ndiyo iliyoitwa Mstari wa Kijani, na hati ya Misri ilitamka wazi kwamba mstari wake haukuwa mpaka wa kisiasa. Kwa usuluhishi wake, Bunche alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1950. Mstari ulidumu hadi vita vya Juni 1967, na tangu hapo karibu kila pendekezo la mataifa mawili limeanzia kwenye mstari huo.