Tarakimu ya Nne

Kadi ni ya karatasi ngumu ya kahawia. Imekaa imekunjwa mara mbili hadi mkunjo umekula tarakimu ya nne ya namba ya uanachama. Shangazi aliitoa kwenye sanduku la bati, akaniwekea kiganjani, akarudia maneno ambayo ukoo wetu umeyashikilia miaka yote: babu alikata mkonge Muheza, akakatwa mshahara kila mwezi, akafa bila kulipwa. Sikuyaamini, wala sikuyakataa. Kama alikuwa mwanachama wa mfuko wa lazima, basi alihesabiwa. Alihesabiwa wapi?

Nilianza na sheria. Mfuko wa akiba wa wafanyakazi ulitungiwa sheria mwaka 1964. Ulikuwa akiba, si pensheni: mfanyakazi anakatwa, mwajiri anaongeza, na mwisho wake fedha hutoka mara moja, basi. Mwaka huohuo nchi ilizalisha zaidi ya tani 200,000 za mkonge. Ndiyo maana masimulizi mengi yanamchora mkata mkonge kuwa mwanachama wa mwanzo kabisa. Picha hiyo inaingia akilini, lakini haithibitishi kitu. Je, manamba aliyetoka Kigoma kwa mkataba aliandikishwa, au aliandikishwa karani peke yake?

Kipande kilinitia shaka zaidi. Kilikuwa kadi ya kazi yenye nafasi 30. Kila siku ya kazi ilitiwa alama, na mshahara ulitoka alama zote zikitimia, hata kama zimekula wiki sita. Mfuko, kwa upande wake, ulihesabu michango. Mtu aliyetimiza kipande katikati ya Machi baada ya kukianza Februari, mchango wake uliandikwa mwezi gani?

Nikaenda shambani Muheza. Ofisi ya zamani ipo, paa lake limekaa upande, na mchwa wamefanya kazi yao kwenye rafu. Daftari moja la mishahara limebaki na kurasa 11 zinazosomeka. Nilizisoma sakafuni, karibu na mlango, penye mwanga. Wamo akina Juma watatu, mmoja ameandikwa "Juma mrefu". Kwenye safu ya makato, wakata mkonge wengi wana alama. Wanawake walioanika singa za mkonge hawana hata moja. Kurasa 11 hazitoshi kulihukumu shamba zima, sembuse mkoa wa Tanga. Lakini kama kurasa zilizoliwa zilifanana na hizi, nusu ya kambi ilikuwa nje ya hesabu tangu siku ya kwanza?

Jina la babu halimo. Nilitaka kugeuza njia, ndipo nikaelekezwa kwa mnyapara mstaafu anayeishi ng'ambo ya reli. Nilimwamkia, akaitikia, akaishika kadi mbali na macho. "Mjukuu wangu, babu yako alichukua chake," akasema. "Alichukua, akaenda Kilombero kwenye miwa." Huyu naye ana kumbukumbu ya miaka mingi, na kumbukumbu huchakaa kama karatasi. Hata hivyo maelezo yake yanakubaliana na utaratibu wa akiba: ukishalipwa, hesabu imefungwa. Na kama kule kwenye miwa alipewa namba nyingine, takwimu zilimwona mtu mmoja au wawili?

Mwaka 1975 mfuko uliacha kuwa idara ya serikali, ukawa shirika. Mwaka 1997 sheria mpya ikaigeuza akiba kuwa pensheni: michango ya asilimia 20 ya mshahara, umri wa miaka 60, au 55 kwa hiari, na michango ya miezi 180. Mafao ya uzazi nayo yakaingia, kwa mwanamke aliyechangia angalau miezi 36. Miezi 180 ni miaka 15 kwa mwenye ajira isiyokatika. Kwa anayepata kazi miezi minane kwa mwaka, ni miaka 22 na nusu. Mwaka 2018 mifuko ya watumishi wa umma iliunganishwa, sekta binafsi ikabaki na mfuko wake, na leo mwendesha bodaboda anaweza kujiandikisha kwa hiari. Nafurahi akijiandikisha. Ila kila ninaposikia kwamba wanachama wameongezeka, nakumbuka kadi ya shangazi: walioongezeka ni wenye namba, au wanaochanga mwezi hadi mwezi?

Tarakimu iliyopotea ina nafasi kumi tu, kuanzia 0 hadi 9. Niliziandika namba zote kumi, nikazipeleka dirishani kwenye ofisi ya mfuko. Karani alizijaribu moja baada ya nyingine kwa subira ambayo sitaisahau. Hakuna iliyotoa jina la babu. Je, kumbukumbu hazikuhamishwa, au karani wa zamani aliliandika jina kama alivyolisikia?

Usiku ule, chini ya taa, ndipo nilipoigeuza kadi. Siku zote nilikuwa nikiisoma upande wa namba. Nyuma, kwa penseli iliyofifia, kuna neno "Mrithi", kisha jina la mwanamke. Si bibi, wala si mmoja wa binti zake. Nilimpigia shangazi nikamsomea herufi kwa herufi. Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akaniuliza: "Huyo ni nani?"