Cheo Kilichobaki katika Risasi: Muhuri wa Patriaki Michael Keroularios

Sehemu kubwa ya barua za viongozi wa Kanisa la Bizanti imepotea. Kilichosalia ni mihuri iliyozifunga. Kipande cha risasi kilichopitishwa uzi kiliwekwa baina ya vichwa viwili vya koleo la chuma, vilivyochongwa sura na maandishi, kisha kikagongwa kwa nyundo. Mkusanyo wa Dumbarton Oaks, mjini Washington, peke yake una mihuri takribani 17,000. Risasi hailiwi na mchwa, faida ambayo kila mtunza nyaraka ataitambua.

Muhuri wa Michael Keroularios, Patriaki wa Konstantinopoli kuanzia 1043 hadi 1058, una Bikira Maria na Mtoto upande mmoja. Upande wa pili unamtaja kuwa, kwa neema ya Mungu, askofu mkuu wa Konstantinopoli, Roma Mpya, na Patriaki wa Kiekumeni. Maneno hayo si mapambo. Cheo cha "Kiekumeni" kilikwisha kupingwa na Papa Gregori Mkuu mwishoni mwa karne ya 6, na Papa Leo IX akakilalamikia tena. Hati ya kumtenga Keroularios, iliyowekwa na Kardinali Humbert juu ya altare ya Hagia Sophia tarehe 16 Julai 1054, ilimkana hata upatriaki wenyewe. Kwa hiyo kila barua iliyotoka ofisini kwake ilibeba hoja ya mgogoro kabla haijafunguliwa.

Hata hivyo, muhuri unasema cheo na kuficha njia. Hausemi kwamba mwaka 1040, akiwa bado mlei, Keroularios alihusishwa na njama dhidi ya Kaizari Michael IV, akahamishwa na kuishia kuwa mtawa. Wala hausemi kwamba mwaka 1057 alimsaidia Isaac Komnenos kutwaa kiti cha enzi, na kwamba Kaizari huyohuyo alimkamata mwaka uliofuata. Watafiti wanaotumia mihuri kupanga orodha za maaskofu hupata jina na wadhifa. Uhalali wa wadhifa huo, machoni mwa watu wa wakati ule, hutafutwa kwingineko.

Tena huko kwingineko nako kuna mitego. Michael Psellos ndiye aliyeandika mashtaka dhidi ya Patriaki huyo. Mshtakiwa alifariki mwaka 1059 kabla ya kuhukumiwa, na utawala ukapita kwa Constantine X, ambaye mkewe, Eudokia, alikuwa mpwa wa marehemu. Ndipo Psellos huyohuyo akatunga hotuba ya kumsifu.