Fransisko wa Sales na mafundisho yake juu ya upole

Fransisko wa Sales (kwa Kifaransa François de Sales, 1567–1622) alikuwa askofu Mkatoliki wa Geneva, mwandishi na mlezi wa kiroho kutoka Savoy, dola ya milimani ambayo siku hizi sehemu ya eneo lake imo ndani ya Ufaransa. Kanisa Katoliki linamheshimu kama mtakatifu na mwalimu wa Kanisa. Anajulikana zaidi kwa kufundisha kwamba askari, muuza duka, mama mwenye watoto na waziri wa mfalme wanaweza wote kuwa watakatifu palepale walipo, bila kukimbilia monasterini, na kwamba njia yenyewe ni upendo unaoongozwa na busara na kutendwa kwa upole. Wanaomsoma juujuu humdhania mtu laini aliyezaliwa hivyo. Ukweli ni kwamba upole wake aliusotea, na mafundisho yake hayaeleweki vizuri mpaka mtu ajue hofu na hasira alizopigana nazo.

Ujana na hofu ya Paris

Alizaliwa tarehe 21 Agosti 1567 katika ngome ya Sales, huko Thorens karibu na Annecy, mtoto wa kwanza katika familia ya kikabaila. Baba alimtaka awe mwanasheria na kumpeleka Paris kusoma katika shule ya Wajesuiti iliyoitwa Clermont. Mjini humo wasomi walibishana sana juu ya swali kama Mungu amekwisha kupanga tangu milele nani ataokoka na nani atapotea. Kuelekea mwisho wa mwaka 1586, akiwa na miaka 19, kijana huyo alishikwa na wazo kwamba yeye yumo katika hesabu ya waliopotea. Kwa wiki kadhaa alikosa usingizi, chakula hakikupita, mwili ukadhoofu.

Siku moja aliingia katika kanisa la Saint-Étienne-des-Grès, akapiga magoti mbele ya sanamu ya Bikira Maria na kukata shauri: hata kama hatajaliwa kumpenda Mungu huko ahera, basi atampenda hapa duniani kwa muda wote aliopewa. Hofu ikamwachia. Tukio hilo linaeleza mengi yaliyofuata. Maandishi yake yote yanasimama juu ya imani kwamba Mungu anataka watu wote waokoke.

Kutoka Paris alikwenda Padua, Italia, akapata udaktari wa sheria mwaka 1591. Baba alikwisha kumtafutia kiti katika baraza la Savoy huko Chambéry na mchumba wa kufaa. Mwana alivikataa vyote viwili, na tarehe 18 Desemba 1593 akapewa upadre.

Chablais

Geneva ilikuwa imeacha Ukatoliki tangu mwaka 1536, hivyo askofu wake aliishi uhamishoni Annecy. Chablais, upande wa kusini wa ziwa, nayo ilikuwa ya Wakalvini, Waprotestanti wafuasi wa Kalvini, kwa muda wa nusu karne na zaidi, ingawa mtawala wa Savoy alikuwa ameirudisha chini ya himaya yake. Mwaka 1594 Fransisko alijitolea kwenda huko kuhubiri, akifuatana na binamu yake Louis. Walikwenda kwa miguu. Katika mji wa Thonon karibu kila mtu aliogopa kuonekana akimsikiliza, na mara nyingi alihubiria viti vitupu.

Ndipo akatafuta njia nyingine. Aliandika karatasi fupifupi, kila moja ikieleza jambo moja la imani, zikanakiliwa, nyingine zikabandikwa ukutani na nyingine zikapenyezwa chini ya milango ya nyumba. Aliyeona haya kumsikiliza hadharani aliweza kumsoma jioni nyumbani kwake, mlango umefungwa. Karatasi hizo zilikusanywa baada ya kifo chake na kuchapwa kama kitabu. Ni kwa ajili ya karatasi hizo na vitabu vingine kwamba Papa Pius XI, katika waraka wa tarehe 26 Januari 1923, alimtangaza msimamizi wa waandishi wa habari na waandishi wengine Wakatoliki.

Vitabu vingi vya sala hulipita kimya jambo linalofuata. Watu wengi wa Chablais walirudi Ukatoliki mwaka 1598, lakini si kwa karatasi na mahubiri peke yake. Mtawala wa Savoy, Charles Emmanuel wa Kwanza, alikuja Thonon mwenyewe na nguvu yake ya dola, na waliokataa katakata walilazimika kuhama. Fransisko alikuwa mtu wa karne yake: aliona ni sawa mtawala aisaidie dini ya kweli, na aliomba msaada huo. Hata hivyo, mwaka 1597 alikuwa amekwenda Geneva kimyakimya kuzungumza na Théodore de Bèze, mzee aliyerithi nafasi ya Kalvini. Waliongea kwa heshima, hakuna aliyemgeuza mwenzake, wakaagana vizuri. Mambo hayo mawili yote ni yake, na haifai kuchukua moja na kuficha la pili.

Askofu na mtumishi wake kiziwi

Mwaka 1602 alitumwa Paris kwa shughuli za jimbo. Mfalme Henri IV alipendezwa naye na kutaka abaki Ufaransa, lakini alirudi kwenye jimbo lake maskini na mwishoni mwa mwaka huohuo akawekwa wakfu kuwa askofu. Alifundisha watoto katekisimu mwenyewe, alizunguka parokia za milimani, alisikiliza maungamo ya yeyote aliyefika.

Katika safari hizo alikutana na kijana aliyeitwa Martin, kiziwi asiyeweza kusema. Wakati huo wengi waliamini kwamba mtu wa namna hiyo hawezi kufundishwa dini, kwa hiyo hawezi kupokea sakramenti. Askofu alimchukua nyumbani kwake, akabuni ishara za mikono na kumfundisha kidogokidogo hadi akampa komunyo ya kwanza. Martin alibaki kuwa mtumishi wake. Ndiyo sababu viziwi wanamhesabu Fransisko kuwa msimamizi wao, na pengine tendo hilo linaeleza alichomaanisha kwa neno upole kuliko kurasa nyingi alizoandika: alijifunza lugha ya mwenzake kwanza, ndipo akamfundisha.

Kitabu kilichotokana na barua

Miongoni mwa waliomwomba ushauri alikuwamo Louise de Charmoisy, mke wa ofisa mmoja wa Savoy. Alitaka kumpenda Mungu kwa moyo wote huku akiendelea na nyumba, wageni na shughuli za ikulu. Fransisko alimwandikia maelekezo, padre Mjesuiti aliyeyasoma akasisitiza yachapwe, na hivyo kikatoka mwaka 1609 kitabu kinachoweza kuitwa kwa Kiswahili Utangulizi wa Maisha ya Uchaji. Anayesemeshwa humo anaitwa Filotea, yaani mwenye kumpenda Mungu. Kilisomwa mno, kikatafsiriwa katika lugha nyingi, hata mfalme Mprotestanti James wa Kwanza wa Uingereza alipata nakala na kuipenda.

Kitabu kina sehemu tano. Mwanzoni kabisa anasema kwamba uchaji wa kweli haufanani kwa watu wote. Askofu akitaka kuishi upwekeni kama mmonaki wa Chartreuse, mwenye familia akikataa kutafuta riziki, fundi akishinda kanisani kutwa nzima, huo si utakatifu bali vurugu. Hapa ndipo busara inapoingia katika mafundisho yake. Upendo usiojua kupima hali ya mtu, umri wake, afya yake na majukumu yake hugeuka mzigo kwa wengine, na mara nyingi wanaoubeba ni watu wa nyumbani.

Sehemu ya tatu, inayohusu maadili, ndiyo moyo wa kitabu. Fransisko hawavutii wasomaji kwa mambo makubwa. Kufia dini au kutoa mali yote ni nafasi ambazo watu wachache huzipata. Uvumilivu, unyenyekevu, upole wa maneno na kuchukuliana na mgonjwa mwenye maneno makali ni nafasi za kila siku. Anazungumzia urafiki, mavazi, utani, unyumba, michezo na dansi. Kuhusu dansi hana haraka ya kuharamisha wala kusifu: anazifananisha na uyoga, ambao hata ulio bora si kitu cha maana sana, hivyo anayelazimika kuula na aule kidogo na ulioandaliwa vizuri. Juu ya kusengenya ni mkali kweli. Anasema msengenyaji hujiua mwenyewe kiroho, humwua anayemsikiliza, na huua jina jema la asiyekuwapo.

Mahali anapowashangaza wengi ni pale anapofundisha upole kwa nafsi ya mtu mwenyewe. Anaeleza hali ambayo kila muungamishi anaifahamu: mtu amekasirika, halafu anakasirika kwa sababu alikasirika, kisha anaudhika kwa kuwa ameudhika. Kwake hiyo ni kiburi kilichovaa nguo ya toba, kwani mtu haamini kwamba yeye naye anaweza kuanguka. Ushauri wake ni kuuonya moyo kama mzazi mwema anavyomwonya mtoto, kwa sauti tulivu na ya kuhurumia, kisha kuuinua na kuendelea na safari. Si ulegevu. Yeye mwenyewe alikuwa na damu ya moto, na mapokeo husema kwamba walioutengeneza mwili wake baada ya kifo walikuta nyongo imegeuka vijiwe. Watu wakachukua hilo kama ushahidi wa hasira aliyoimeza miaka yote. Madaktari wa leo wangekuwa na maelezo mengine, lakini habari hiyo inaonyesha walivyomfahamu waliomzunguka.

Upendo wenyewe

Mwaka 1616 alitoa kazi yake kubwa zaidi, risala juu ya upendo wa Mungu, yenye vitabu 12 ndani yake. Ni ndefu na ina mizunguko. Hoja inayodumu imo katika kitabu cha saba, anapochambua kutoka nje ya nafsi katika sala. Kuna kutoka kwa akili na kuna kutoka kwa hisia, na vyote viwili vinaweza kudanganya. Cha tatu ni kutoka kwa matendo na maisha, yaani mtu kuacha kuishi kwa ajili yake mwenyewe. Anayezama katika sala huku jirani zake hawaoni mabadiliko yoyote katika mwenendo wake, Fransisko hamwamini.

Wavizitasio

Wakati wa Kwaresima ya mwaka 1604, akihubiri Dijon, alimfahamu Jeanne de Chantal, mjane mwenye watoto wanne. Urafiki wao na barua zao ni miongoni mwa hazina za Ukristo wa karne ile. Tarehe 6 Juni 1610 walianzisha Annecy shirika la Maria Kumtembelea Elizabeti, yaani la Wavizitasio, wakipokea hata wajane na wanawake dhaifu wa mwili waliokataliwa na mashirika yenye mfungo mkali. Mwanzoni masista walitoka kuwatembelea wagonjwa. Askofu mkuu wa Lyon hakukubali watawa wazurure mitaani, na mwaka 1618 shirika likafanywa utawa wa ndani ya kuta. Fransisko alikubali bila kelele. Yeyote ana haki ya kujiuliza kama hapo upole haukumgharimu zaidi ya ilivyopasa.

Ni katika shirika hilo, huko Paray-le-Monial, alipoishi Margaret Mary Alacoque, ambaye njozi zake za miaka ya 1673–1675 zilieneza heshima ya Moyo Mtakatifu wa Yesu. Ibada ya Ijumaa ya kwanza ya mwezi katika parokia za Tanzania, Kenya na Kongo imetoka huko.

Urithi

Fransisko alifariki Lyon tarehe 28 Desemba 1622. Alitangazwa mtakatifu mwaka 1665 na mwalimu wa Kanisa mwaka 1877. Zaidi ya barua zake elfu moja zimehifadhiwa.

Jina lake limefika Afrika Mashariki kwa njia ya Yohane Bosco (Don Bosco) wa Torino, aliyeanzisha mwaka 1859 shirika la kulea vijana na kuliita la Wasalesiani, kwa sababu alitaka vijana walelewe kwa upendo na hoja badala ya bakora. Wasalesiani waliingia Katanga, Kongo, mwaka 1911, na tangu mwaka 1980 wamefungua kazi Tanzania na Kenya. Kwa vijana wengi wa Dodoma, Iringa, Lubumbashi au kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Don Bosco ni jina la chuo cha ufundi, useremala na umeme, na si wengi wanaojua askofu aliye nyuma ya jina Salesiani.

Sikukuu yake huadhimishwa tarehe 24 Januari. Anayetaka kumsoma mara ya kwanza asianze na risala ya mwaka 1616, itamchosha. Achukue kitabu cha Filotea na kufungua sehemu ya tatu, sura za uvumilivu na upole.