Kutoka Mifupa hadi Kiunzi: Historia ya Nyuzi za Seli na Kiswahili cha Tiba Afrika Mashariki

Makala hii inafuatilia historia ya maarifa kuhusu nyuzi za protini zilizomo ndani ya seli hai, na kuonyesha kwamba istilahi inayochaguliwa kuzitaja huathiri maelezo anayopewa mgonjwa.

Mwaka 1931 mwanaembriolojia Mfaransa Paul Wintrebert aliuita mfumo wa nyuzi hizo, kwa Kifaransa, mifupa ya seli. Sitiari hiyo ilijenga taswira ya kitu kigumu kisichobadilika. Baadaye hadubini ya elektroni ilidhihirisha mikrotubuli, yaani vibomba vyenye kipenyo cha takriban nanomita 25. Lakini seli zilizochunguzwa zilikuwa zimekwisha kuuawa na kukaushwa, hivyo mwendo haukuonekana. Mwaka 1984 Tim Mitchison na Marc Kirschner walieleza kwamba kibomba hurefuka kwa kuongezewa molekuli za tubulini, kisha huweza kuporomoka ghafla, na molekuli zake zikatumika kwingine. Seli hujipanga kwa kujenga na kubomoa.

Afrika Mashariki ilianza kunufaika na mwendo huo kabla haujaelezwa. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji jijini Kampala, alichapisha maelezo ya uvimbe wa taya uliowapata watoto. Mwaka 1967 kituo cha kutibu limfoma kilianzishwa Mulago, na vinkristini, dawa itokanayo na mmea wenye asili ya Madagaska, ikawa miongoni mwa dawa zilizotumika. Dawa hiyo hushikamana na tubulini na kuzuia ujenzi wa mikrotubuli. Seli ya saratani inayojigawa hukosa nyuzi za kutenganishia kromosomu, ikafa. Hata hivyo, mikrotubuli ndizo pia njia za kusafirishia shehena ndani ya neva. Ndiyo maana mtoto anayetibiwa huweza kupata ganzi ya vidole au udhaifu wa miguu.

Mzazi akiambiwa kwamba dawa hushambulia "mifupa ya seli", ni rahisi aihofie mifupa ya mwanawe na asiripoti ganzi. Neno "kiunzi" linafaa zaidi. Ni kweli kwamba hutumika katika "kiunzi cha mifupa". Lakini asili yake ni kitenzi "unda", na likisimama peke yake halimfungi msikilizaji kwenye mfupa. Kiunzi cha seli ni kile kinachoundwa, kikabomolewa, kikaundwa upya.

Suala hili linaihusu Rwanda moja kwa moja. Kituo cha saratani cha Butaro kilifunguliwa mwaka 2012, na Kiswahili kikawa lugha rasmi ya nchi mwaka 2017. Inapendekezwa kwamba Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki na wizara za afya zisanifishe istilahi hizi pamoja na wauguzi, kwa kuwa wao ndio wanaoulizwa maswali na wazazi.