Lucretia katika Vitabu vya Dhahabu

Kabla ya mashini ya kupiga chapa, vitabu viliandikwa kwa mkono juu ya ngozi ya kondoo au ya ndama, na wachoraji wakavipamba kwa rangi na dhahabu iliyofuliwa nyembamba sana. Havikuwa Injili na Zaburi tu. Matajiri walipenda pia hadithi za Roma ya kipagani. Giovanni Boccaccio, Mwitalia, aliandika kwa Kilatini, mwaka wa 1361 na 1362, habari za wanawake mashuhuri 106. Mwaka wa 1401 kitabu kiligeuzwa kwa Kifaransa, na mwaka wa 1403 nakala yenye picha nyingi ilitolewa zawadi kwa Philippe, mtawala wa Burgundy. Ingali Paris, katika maktaba ya taifa.

Mmoja wa wanawake hao ni Lucretia. Warumi walisimulia kwamba, karibu na mwaka wa 509 kabla ya Kristo, Sextus, mwana wa mfalme Tarquinius, alimshika kwa nguvu usiku, akimtisha kwa upanga. Lucretia akawaita baba yake na mumewe, akawaeleza yote, akajichoma kisu. Watu wakaghadhibika, wakamfukuza mfalme.

Wachoraji walimvika mavazi ya mabibi wa siku zao, tena walipenda kuchora saa ile ya kisu, wanaume wakitazama. Saa hiyo Sextus amekwisha kwenda zake; basi jicho la msomaji humwangukia mwanamke tu.

Lakini Mwafrika mmoja alikuwa ameipima hadithi hii miaka karibu elfu mbele yao. Mwaka wa 410 Wagothi waliteka Roma, wakawatenda jeuri wanawake Wakristo, hata mabikira waliowekwa wakfu. Wapagani wakawasimanga kwa kuwa wangali hai. Mtakatifu Augustino, Askofu wa Hippo, katika nchi iitwayo sasa Algeria, akawatetea katika Mji wa Mungu, kitabu alichokianza mwaka wa 413. Usafi, alifundisha, hukaa katika nia. Asiyekubali hana dhambi. Na kama Lucretia hakuwa na kosa, mbona aliuawa?

Mapadri Waasumpsionisti, waliofika nchi ya Beni mwaka wa 1929, hufuata kanuni ya Augustino huyu. Hata hivyo, katika vita vya kwetu, wako mama waliotendewa jeuri porini, kisha wakafukuzwa nyumbani na waume zao. Husemwa kwamba “wamenajisiwa”, kana kwamba uchafu wa mtenda jeuri umebaki kwao. Augustino alilikataa wazo hilo tangu sura za kwanza za kitabu chake, akizungumza na wanawake waliokuwa bado wanalia.